Karatasi Kwanza, Karo Baadaye: Hotuba kwa Wazazi na Watahiniwa wa Lamu

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazee wetu, mama zetu, walimu, na nyinyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, hamjambo nyote. Waliotoka Faza, Kizingitini na Ndau wameondoka alfajiri kuwahi maji kujaa kwenye mkondo wa Mkanda, na wanarudi na maji ya jioni. Kwa hiyo hatutazunguka. Tumeitwa kuzungumza pesa za chuo kikuu, tuanze na pesa.

Chukueni kozi ambayo gharama yake ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Ni nambari ya mfano, ya kutusaidia kuhesabu; udaktari na uhandisi hupita hapo mbali, na kozi nyingine ziko chini yake. Mzazi akisikia laki mbili, akazizidisha mara miaka minne, hukunja jamvi pale pale akasema kijana na atafute kazi ya boti. Kosa la kwanza ni hilo, kwa sababu hakuna aliyemwambia alipe laki mbili. Hiyo ni gharama ya kozi. Sehemu yake yeye ni nambari nyingine kabisa, na ndiyo anayopaswa kuulizia.

Tangu mwaka 2023, kuanzia kwa wale waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2022, gharama ya kozi kwa mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha serikali na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hukatwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ufadhili, ambao hautarudishwa, na unatoka kwa Mfuko wa Vyuo Vikuu. La pili ni mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. La tatu ni la nyumbani. Ukubwa wa kila fungu unategemea bendi utakayowekwa, na bendi inategemea hali ya nyumba yenu kama ilivyoandikwa kwenye maombi. Shikeni neno hilo, kama ilivyoandikwa. Hakuna afisa atakayekuja Kiunga kutazama paa la nyumba.

Bendi ni tano. Ya kwanza ni ya nyumba ambayo kipato chake hakizidi shilingi 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya pili hufika kipato cha 23,670, na mgao wake ni 60, 30 na 10. Ya tatu hufika 70,000: ufadhili 50, mkopo 30, familia 20. Ya nne hufika 120,000: 40, 30, 30. Waliozidi hapo wako bendi ya tano, na familia hubeba asilimia 40.

Sasa irudisheni kwenye ile kozi ya laki mbili. Nyumba ya bendi ya kwanza hulipa 10,000 kwa mwaka. Ya pili hulipa 20,000. Ya tatu 40,000, ya nne 60,000, ya tano 80,000. Kutoka bendi ya pili kwenda ya tatu sehemu ya familia imekuwa mara mbili, na kinachokusukuma kutoka hapa kwenda pale chaweza kuwa karatasi moja iliyokosekana. Ndiyo maana nusu ya mazungumzo haya ni ya karatasi, hata kama mlikuja kusikia habari za wafadhili wa ng'ambo.

Kabla ya karatasi, neno moja juu ya mahakama, maana tunaulizwa. Ni kweli kwamba tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huu unakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo, na maombi yakaendelea kupokelewa. Asilimia zinaweza kubadilishwa, karo zenyewe zinaweza kupandishwa au kushushwa, kwa hiyo kila mwaka someni upya kilichoandikwa kwenye tovuti. Lakini asikudanganye mtu ukae usiombe kwa kungojea kesi iishe. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tuingie kwenye karatasi. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya HEF, ile ya serikali ya kugharamia elimu ya juu, na ufadhili na mkopo huombwa hapo hapo. Utahitaji nambari yako ya mtihani wa KCSE na mwaka, kitambulisho chako, picha ndogo, vitambulisho vya wazazi, barua pepe, laini ya simu, akaunti ya benki, na wadhamini wawili walio tayari kutoa nakala za vitambulisho vyao. Kwa kusikia ni orodha fupi. Kwa Lamu, kila kimoja kina mwiba wake.

Mwiba wa majina ndio unaochoma wengi. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha KCSE kimeandikwa Muhammad, kitambulisho kimekuja na Mohammed, na benki imechukua majina mawili ikaacha la babu. Kwetu ni mtu mmoja na kila mtu mtaani anamjua. Kwa kompyuta ni watu wanne. Fatma na Fatuma ni hivyo hivyo, Omar na Omari, Abubakar kwa neno moja au mawili. Jina la KCSE ndilo gumu kuliko yote kubadilisha, kwa sababu liko kwa Baraza la Mitihani, basi lifanyeni hilo kuwa nguzo: kitambulisho kinapoombwa mara ya kwanza, kiandikwe sawasawa na cheti cha KCSE, herufi kwa herufi. Wale ambao bado wako kidato cha tatu wana nafasi bora zaidi, kwa sababu jina la mtihani bado linaweza kurekebishwa wakati shule inasajili watahiniwa. Mwalimu akileta ile orodha ya kusaini, msisaini kama mnasaini daftari la mahudhurio. Someni.

Kitambulisho chenyewe. Mkazi wa Lamu hatuna haja ya kumhubiria jinsi kinavyoweza kuchukua muda, hasa kwa ndugu zetu wa mpakani. Aliyetimiza miaka 18 aombe wiki hiyo hiyo, asingoje matokeo. Yule ambaye bado hajafika 18 wakati wa maombi ana sehemu yake kwenye tovuti, hutumia cheti cha kuzaliwa na taarifa za mzazi. Asiambiwe na mtu wa saiba, pale pa kulipia kompyuta, kwamba haiwezekani.

Halafu kuna hili ambalo halizungumzwi. Sisi huzika siku ile ile. Baba akifa alasiri, magharibi tumeshatoka makaburini, na kibali cha mazishi hakuna aliyekikumbuka, basi cheti cha kifo hakikutoka. Miaka kumi baadaye yatima yuko mbele ya kompyuta inayomuuliza, baba yako yuko wapi? Akiandika amefariki, anaombwa cheti. Akiacha wazi, fomu haiendi mbele. Kuna wanaoamua kuandika yuko hai ili mambo yapite, na hapo mtoto wa mjane anaonekana ana wazazi wawili. Dawa ipo: usajili wa kifo uliochelewa hufanyika kwa msajili wa vizazi na vifo, kwa barua ya chifu wa eneo alikofia na mashahidi wa mazishi. Huchukua wiki na safari zaidi ya moja, kwa hivyo si kazi ya kuanza mwezi wa Agosti. Mwenye mzazi aliyefariki bila cheti, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kabla ya nyingine yoyote.

Baba aliye hai lakini hayupo ni jambo gumu zaidi. Alioa kwingine, yuko Mombasa au Zanzibar, hapeleki kitu nyumbani, lakini kitambulisho chake kikiingizwa kwenye fomu, mshahara wake unahesabiwa kama unalisha nyumba hii. Mama anayelea peke yake na apate barua ya chifu inayosema hivyo, na hati ya kiapo kwa wakili au hakimu. Tunajua wapo wanaoona aibu kuandikisha jambo hilo. Karo ya miaka minne ni nzito kuliko aibu ya asubuhi moja ofisini kwa chifu.

Na mtoto aliyesomeshwa sekondari ya kulipia kwa fadhila za mtu? Maombi huulizia shule uliyosoma na aliyelipa karo. Shule ikiwa ya gharama, bila maelezo, inasomeka kwamba nyumbani mna uwezo. Tafuteni barua kutoka kwa aliyewafadhili, yenye jina la mwanafunzi, miaka aliyolipiwa na kiasi, iliyopigwa muhuri kama ni taasisi. Ipakieni. Wafadhili wengi hufurahi kuandika barua hiyo wakiombwa mapema, na hawapatikani wakiombwa usiku wa mwisho.

Simu na barua pepe nazo zimewakwamisha wengi. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha mjomba, kwa sababu nambari za siri hutumwa huko na huulizwa tena kila mwaka. Barua pepe ifunguliwe na wewe, nywila uijue wewe. Kijana wa saiba anaharakisha foleni, anatumia barua pepe yake, mwaka wa pili amehama, na wewe huwezi kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Mwambieni akae kando kidogo mwandike wenyewe. Kama ni kulipa dakika ishirini zaidi, lipeni. Na kabla hamjabonyeza kitufe cha mwisho, chapisheni nakala. Rufaa ya bendi ipo kwa anayeona amewekwa pasipo pake, lakini huwezi kukata rufaa juu ya maneno ambayo hukumbuki uliyaandika vipi.

Mtatuuliza, je, tukipunguza kipato kidogo? Hapana. Kitambulisho cha mzazi na nambari yake ya kodi ya KRA huonyesha mambo mengi, na maombi yenye uongo yanaweza kukataliwa yote. Lakini na kinyume chake kipo sana hapa Lamu, mtu hujikweza. Mvuvi anaulizwa kipato, anatoa hesabu ya mwezi mzuri wa kaskazi, kabla ya kutoa mafuta, barafu na fungu la mwenye chombo. Andikeni kinachobaki mkononi, kwa wastani wa mwaka mzima, miezi ya kusi ikiwemo. Huo ndio ukweli, na mara nyingi ni mdogo kuliko mnavyojisifu barazani.

Sasa mkopo. HELB iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na riba ya mkopo wake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Una sehemu mbili. Ya karo huenda moja kwa moja chuoni, hutaiona. Ya matumizi huja kwako: kwa mgao wa zile bendi ni 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, na hushuka elfu tano tano hadi 40,000 kwa bendi ya tano. Vijana, sikieni vizuri: hizo za matumizi nazo ni mkopo. Zinaitwa kwa majina ya furaha huko vyuoni, lakini ni deni.

Tuhesabu la bendi ya pili. Mkopo wa karo ni 60,000 na wa matumizi ni 55,000, jumla 115,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 460,000, bila riba. Ukianza kulilipa deni hilo kwa asilimia 4, ukalimaliza kwa miaka kumi, ni kama shilingi 4,650 kwa mwezi. Mwalimu anayeanza kazi anaweza kuibeba. Unapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo ndipo marejesho yaanze. Ukinyamaza baada ya hapo, faini ya akaunti isiyolipwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Yaani faini inashinda rejesho lenyewe! Ndiyo maana mtu aliyekopa laki tatu hukuta anadaiwa maradufu na hakuna aliyemwibia. Asiye na kazi awaandikie HELB mapema, aeleze, na alipe hata kidogo anachokipata. Mbele ya safari kazi nyingi za serikali zitamwomba cheti cha HELB kinachoonyesha amelipa au analipa, na bila hicho barua ya kazi hukaa mezani. Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walishamaliza.

Suala la riba tunajua limewakaa wengi kooni humu ndani, kwa hivyo tulitoe. Fatwa ni ya masheikh, si yetu. Letu ni hili: ufadhili na mkopo ni maombi mawili. Asiyetaka mkopo anaweza kuomba ufadhili peke yake, na asikubali kuambiwa kwamba akikataa kimoja amekosa vyote. Ila akubali pia hesabu yake. Kwa bendi ya pili, ukiacha mkopo, nyumba itabeba 80,000 za karo badala ya 20,000, na chakula na chumba juu yake. Ziko njia: zaka na sadaka kupitia kamati za misikiti, jamaa walio Mombasa na Arabuni, na basari, yaani misaada ya karo ya serikali. Zote zinataka kuombwa kwa barua, na miezi. Tunachokipinga ni mtu kuukataa mkopo Septemba bila kujua badala yake iko wapi, kisha Novemba mtoto yuko nyumbani, na masheikh ndio wanaolaumiwa.

Wanaokopa kwingine kufidia, wapime bei. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, ambayo ni 12 kwa mwaka, mara tatu ya HELB, lakini bado ni bei ya mtu mzima. Mkopo wa simu wa asilimia 7 kwa mwezi, ukiuzungusha mwaka mzima, ni 84. Usilipie karo kwa mkopo wa simu, hata wa siku moja.

Basari tutazipitia haraka, kwa sababu ni pesa ndogo zenye maneno mengi. Ziko za Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ulioanza mwaka 2003. Hapa kaunti yetu ina maeneo mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na unaomba pale ulipojiandikisha, si pale unapolala siku hizi. Ziko za kaunti. Ndugu wa Malindi wana zao Kilifi. Za mfuko na za kaunti, zote zimepita mahakamani na kwenye mivutano. Mwanzo wa mwaka 2025 basari za kaunti zilikwama kwa waraka wa Msimamizi wa Bajeti, kabla mahakama haijausimamisha. Hesabuni basari kama mvua ya kiangazi, ikija mnakinga, wala msipande kwa kuitegemea. Fomu hutaka barua ya kuitwa chuoni, muundo wa karo, nakala za vitambulisho na muhuri wa chifu. Wekeni seti tano zilizokwisha kutolewa nakala, maana safari ya Pate hadi Amu mjini kwa ajili ya karatasi moja ni siku nzima imekwenda.

Jambo moja la basari ndilo linalopoteza pesa za watu, nalo ni hundi. Hundi huandikwa kwa jina la chuo. Nyuma yake au kwenye orodha inayoambatana nayo lazima kuwe na jina kamili na nambari ya usajili ya mwanafunzi. Nambari ikikosewa, pesa zinaingia chuoni, zinakaa kwenye akaunti isiyo na mwenyewe, na wewe unaendelea kudaiwa. Tena hundi hufa baada ya miezi sita. Basi mwanafunzi achukue nakala, afike ofisi ya fedha ya chuo, na arudi baada ya wiki mbili kuangalia taarifa yake ya karo kama kiasi kimeonekana. Asiridhike kuambiwa "imefika".

Kwa watu wa Lamu pekee kuna mpango wa ufadhili uliokuja na LAPSSET, mradi wa bandari na barabara uliozinduliwa hapa Machi 2012; ni mpango wa kusomesha vijana 1,000 kazi zinazohusiana na bandari. Ulizeni nafasi zilizotangazwa na kozi zinazokubaliwa. Wenye ulemavu wapitie pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye msaada wa masomo kwa waliosajiliwa. Usajili ndio ufunguo, na wengi hawajajisajili.

Tuje kwenye lile fungu la nyumbani, ambalo watu hulidharau kwa sababu ni dogo. Vyuo hufunguliwa Agosti na Septemba. Tazameni kalenda yetu wenyewe. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, na nyumba nyingi hula akiba. Yaani karo inadaiwa pale pale mfuko ulipokauka. Bahari hutoa wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, na maembe na korosho za Mpeketoni, Witu na Hindi huvunwa miezi hiyo hiyo ya mwisho na mwanzo wa mwaka. Kwa hivyo 20,000 ya bendi ya pili ni 4,000 kwa mwezi katika miezi mitano ya kaskazi, kama elfu moja kwa wiki. Wekeni kwenye mchezo wa kina mama wa kuchangiana kwa zamu, au akaunti iliyofungwa, mradi isikae kwenye simu ambayo kila mtoto anajua nambari yake ya siri. Na mzunguko wa mchezo mnauweza kuupanga: aliye na mtoto wa kwenda chuo apewe zamu ya Julai.

Juu ya hapo, wekeni pesa za miezi miwili ya mwanzo, chumba na chakula. Pesa za HELB mara nyingi hufika baada ya masomo kuanza, na wakati mwingine baadaye sana. Kijana anayefika Nairobi na nauli tu mfukoni ndiye anayetumia karo kula, halafu haruhusiwi kufanya mtihani.

Kuna namna nyingine ya kupata karo ambayo watu hawaihesabu kama pesa, nayo ni kuchagua. Alama ya chini ya kuingia shahada ni C+, lakini aliyepata C+ na aliyepata A wote wanaweza kujitia kwenye kozi wasiyoimudu. Ukipelekwa na KUCCPS chuo cha binafsi, unaweza kuomba mkopo, ila ule ufadhili usiorudishwa haupo. Ile kozi ya laki mbili ikiwa ya chuo cha binafsi, nyumba ya bendi ya kwanza imepoteza 140,000 kila mwaka kwa kuchagua tu vibaya. Kabla ya kujaza, kila chaguo liandikiwe pembeni karo yake, umbali wake na bei ya chumba. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Malindi. Mwenye shangazi Malindi ana chumba tayari. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina tawi hapa hapa Lamu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao, na anayesoma huko anaweza kuendelea kulala kwao na kufanya kazi. Aliyekwisha kupangiwa mahali asipopaweza ana dirisha la uhamisho la KUCCPS, ambalo hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya matokeo ya upangaji. Dirisha hilo halingoji mtu.

Ng'ambo, kwa ufupi. Ufadhili wa serikali ya Uturuki hupokea maombi ya shahada ya kwanza kuanzia Januari 10 hadi Februari 20, bila ada, kwa walio chini ya miaka 21, na hutaka wastani usiopungua asilimia 70, au 90 kwa udaktari. Hungaria nayo hupokea Wakenya, na mwisho wake ni katikati ya Januari. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina hulipia masomo, malazi na tikiti. Linalowakwaza watu wetu hapa ni pasipoti: haipo wakati wa kuomba, na matokeo ya KCSE hutoka Januari hiyo hiyo. Ianzeni kidato cha nne. Ulizeni pia kama shahada hiyo itatambuliwa nyumbani kwa kazi mnayoitaka. Na yeyote anayewaambia mmepata ufadhili, mtume kwanza pesa za kushughulikia, huyo ni mwizi, hata akivaa kanzu nyeupe.

Mwaka wa kwanza ukipita, mkopo haujirudii wenyewe. HELB huombwa upya kila mwaka wa masomo, na anayesahau mwaka wa pili hugundua siku ya mtihani. Pesa zikikatika kabisa, mwanafunzi asitoweke. Aandike barua ya kuahirisha masomo, apate jibu lililopigwa muhuri. Nafasi yake inabaki na karo haiendelei kupanda jina lake likiwa darasani. Wengi walioacha chuo hawakufukuzwa na mtu. Waliondoka kimya kimya wakihesabu kwamba deni litasahauliwa.

Basi tusimame hapa, maji hayangoji. Meza ile ya kushoto tutakagua majina. Leteni cheti cha kuzaliwa, matokeo na kitambulisho, viwekwe kimoja juu ya kingine. Wale wa vyeti vya kifo waje meza hii ya mbele, kuna fomu na tutawaandikia barua ya kumpelekea chifu. Wa Kizingitini waanze.